Dakika ya Kimya ya Dahir

Jumatatu, 6 Februari 1967

Barua tisa kabla ya chai. Nyingi ni za vibali vya kuvuka mto, na zote jibu ni hapana. Utepe wa taipu umefifia tena. Herufi ya a inatoka nusu. Mutiso anasema taipu imechoka na jua kama yeye. Mutiso ni karani mwenzangu, mtu wa Machakos, na anahesabu siku za likizo kama mfungwa.

Baada ya chai Kapteni alikuja mwenyewe na karatasi. Jumamosi tarehe 18 kutakuwa na kumbukumbu ya askari waliokufa Novemba, lori lilipokanyaga bomu njia ya Modogashe. Uwanja wa gwaride. Jiwe limepakwa chokaa. Bendera nusu mlingoti. Watu wote wa vijiji wahudhurie, na asiyehudhuria aje aeleze kwa nini. Mimi nipige taipu ratiba na majina, na siku yenyewe nisimame na kipaza sauti nitafsiri kwa Kisomali.

Majina kumi na mawili. Kumi na moja ni ya wanajeshi. La mwisho ni la dubas mmoja, askari wa utawala mwenye kilemba chekundu, aliyepanda lile lori kuwaonyesha njia. Dahir Warsame. Mdogo wangu. Tulinyonya ziwa moja.

Nimelipiga jina lake herufi moja moja. A zote tatu zimetoka nusu. Nikachomoa karatasi, nikabadilisha utepe, nikaanza upya majina yote. Mutiso aliniona akainamia barua zake. Ana adabu zake akitaka.

Jumanne, 7 Februari

Nimemwambia Mama. Hakulia. Aliuliza mara tatu: litasomwa kwa sauti? Mbele ya watu wote? Wa kijiji chetu pia watakuwepo? Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Tangu Novemba hakuna mwanamke anayemsalimia kwenye maji. Dahir alipokufa hospitalini, siku mbili baada ya bomu, hakuna jirani aliyekuja kuhani. Walisema amekufa akiwaongoza wanaotuchomea nyumba. Kaburini tulikuwa wanne: mimi, wahudumu wawili wa hospitali, na Maalim Yarow, mzee wa dugsi anayefundisha watoto Kurani. Maalim ndiye aliyemwosha. Alimwosha taratibu, akimwambia samahani kila alipogusa pale palipochanika.

Kwetu jina la Mwislamu aliyekufa haliachwi likining'inia. Likitajwa, aliyesikia hujibu: Allah ha u naxariisto, Mungu amrehemu. Hata kama mlikuwa na kisasi. Hata kama unalisema huku umekunja uso. Miezi mitatu sasa, Mama akitaja jina la Dahir nje ya nyumba, watu wanageuka kutazama mbuzi. Maalim tu ndiye hujibu.

Kwa hiyo Mama anataka Jumamosi hiyo kuliko anavyotaka mvua. Akasema, "Watajibu, hooyo. Wamesimamishwa juani, bunduki ziko nyuma yao. Watajibu wote." Huniita hooyo, yaani mama, kama mama zetu wote wanavyomwita mtoto kwa jina lao wenyewe.

Nilifurahi. Nawaza wale wanawake wa kwenye maji, midomo yao ikilazimika kufunguka. Ni furaha mbaya na nimeipenda. Naiandika hapa kwa Kiswahili kwa kuwa nyumbani hakuna anayekisoma.

Alhamisi, 9 Februari

Wameleta shifta wawili, waasi wa porini, waliouawa. Wamelazwa sokoni mbele ya maduka, uchi, mikono imefungwa kwa kamba ya ngamia. Amri: wakae hapo siku tatu. Hakuna kuwafunika, hakuna kuwazika.

Mimi ndiye niliyesoma amri kwa kipaza sauti. Mara mbili, kila upande wa soko. Watoto wa shule walipitishwa mstari mmoja watazame. Mmoja alitapika, akapigwa kofi kwa kutapika.

Jua la sasa hivi halina huruma. Kufikia saa nane nilikuwa nimejifunga leso puani ofisini, na ofisi iko mbali.

Sikuwahurumia. Ni watu kama hao waliotega lile bomu. Huenda ni hao hao.

Ijumaa, 10 Februari

Asubuhi maiti moja haipo. Pamebaki alama ya mafuta kwenye vumbi, na mwenzake kando.

Kapteni aliingia ofisini akipiga meza kwa fimbo. Kijiji kimefungwa kwa miba pande zote, lango lina askari, na maiti imetembea? Aliwasimamisha wazee sita mbele ya veranda. Mmoja akajibu kwa Kiswahili chake, "Wallahi bwana mkubwa, sisi hatujui. Hatukuona bolisi, hatukuona shifta, tulikuwa tumelala na watoto." Kapteni akamwuliza kama anamfanya mjinga. Wote sita walikaa juani mpaka adhuhuri, wakakosa swala ya Ijumaa.

Nilirudi nyumbani kuchukua kofia. Sanduku la Mama lilikuwa wazi. Bafta iliyobaki kwenye sanda ya Dahir, kipande kizima, haimo. Nilimwuliza. Alikuwa akichambua mtama.

"Maalim aliiomba," akasema. "Yule mtu alikuwa uchi."

Akaendelea na mtama. Nilikaa chini. Maalim peke yake ana ruhusa ya kutoka langoni kabla ya wengine, kwenda kuadhini alfajiri. Ni mzee wa miaka sabini na kifua kinamsumbua. Mmoja alibaki kwa sababu nguvu zilitosha kubeba mmoja.

Na Mama ndiye aliyetoa kitambaa. Mama huyu huyu anayetaka majirani wakaangwe na jua. Simwelewi. Nampenda na simwelewi.

Jumamosi, 11 Februari

Maiti ya pili imeondolewa leo na kutupwa, sijui wapi. Soko limemwagiwa majivu.

Nilikutana na Maalim njiani. Ana jeraha begani, ameliwekea kitambaa chini ya shati. Akaniamkia kama kawaida, akaniuliza hali ya Mama, akamtaja Dahir akamwombea. Nilijibu haraka nikaenda zangu.

Jumatatu, 13 Februari

Kapteni aliniita. Orodha niliyoipiga ilikuwa mezani kwake. Jina la Dahir limekatwa kwa penseli nyekundu, mstari mmoja, umenyooka vizuri.

Nilidhani ni makosa ya taipu. Nilisema hivyo, mjinga mimi.

Akasema watu wake kumi na moja walikufa pale pale. Yeye alikuwa kwenye lori la pili. Aliwaokota kwa blanketi, na hakujua kipande kipi ni cha nani. Mtu mmoja tu alibaki na uhai wa siku mbili: yule aliyekuwa akiwaonyesha njia. "Kwa nini, Karani? Alijua mahali pa kukaa?"

Nilimwambia Dahir alikuwa amekaa nyuma kwa sababu askari walikataa akae mbele nao. Walisema ananuka ngamia. Dahir mwenyewe aliniambia hospitalini, akicheka, na alipocheka damu ikamtoka. Nilimwambia alitumikia kituo cha Eldas miaka miwili bila doa kabla ya kuletwa huku. Nilimwambia kuna mama anayengoja. Nilisema "tafadhali afande" mara nyingi mpaka neno likakosa maana.

Alinisikiliza. Huyu si mtu wa kupiga kelele muda wote. Macho yake yalikuwa mekundu, na nadhani halali. Mwisho akasema hawezi kusoma jina la Msomali pamoja na vijana wake wakati Wasomali wanamwibia maiti mbele ya pua yake. Nimletee aliyeichukua ile maiti, na jina litarudi. Nisipomleta, basi. Siku ya mwisho Alhamisi.

Nilipiga saluti. Mimi ni karani, sikuwahi kufundishwa saluti.

Jumanne, 14 Februari

Mama amefua garbasaar yake nyeupe, shela ya kujitanda, ameianika juu ya miba. Amekwenda kwenye maji makusudi, bila ndoo, akasimama mbele ya wanawake wote akawaambia: Jumamosi mtasikia jina la mwanangu na mtajibu. Amenisimulia mwenyewe. Akasimulia tena. Miezi mitatu sijamwona akila vizuri, na leo amekula bakuli zima.

Nilijaribu kumwambia. Nikaishia kumwoshea bakuli.

Maalim ni mzee. Watampiga kidogo, watamfungia wiki mbili, watamwachilia. Mwalimu wa Kurani watamfanya nini? Nimejiambia hivi tangu saa nne asubuhi. Nikiandika naona jinsi maneno haya yanavyonuka.

Jumatano, 15 Februari

Nimesema.

Sikusema kwa mdomo. Niliandika jina nyuma ya karatasi ya kaboni nikaiweka mezani kwake chini ya kikombe. Bafta sikuitaja. Mama sikumtaja.

Kapteni alijaribu kuufuta ule mstari mwekundu kwa raba. Haukufutika, ukatapakaa. Akaniambia niipige upya orodha. Nimeipiga upya. Ni safi sana. Majina kumi na mawili, hakuna kosa hata moja.

Mutiso alinikuta nje nikitapika. "Ni ile nyama ya jana ama ni nini, Hassan? Enda ulale bwana, hii kazi nitamaliza." Nilikataa. Nilisema ni jua.

Alhamisi, 16 Februari

Walimchukua akiwa dugsi. Watoto wamekaa mchangani, mbao zao za Kurani magotini, wino haujakauka. Walikuwa wakisoma kwa sauti moja. Wakaendelea kusoma hata alipokuwa akiburutwa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

Na nani alitafsiri mahojiano? Ofisi nzima ina mkalimani mmoja.

Tulikuwa chumba cha stoo, katikati ya magunia. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Hakuniuliza ni nani aliyesema. Alinitazama mara moja tu, mwanzoni, kisha akawa anatazama ukuta. Alikubali upesi. Ndiyo, nilimchukua. Nilimwosha kwa mchanga, maji hayakutosha. Nilimswalia peke yangu. Hapana, simjui jina, nilimwombea bila jina.

Kapteni akataka kujua kitambaa kilitoka wapi, nani alimsaidia. Nilitafsiri swali. Sauti yangu ilikuwa sawa, naijua kazi yangu.

Maalim akasema kitambaa kilikuwa chake. Alijiwekea sanda yake mwenyewe miaka mingi, kama wazee wafanyavyo.

Ni uongo. Mzee asiyedanganya hata mtoto. Nikautafsiri neno kwa neno.

Walipoanza kumpiga waliniambia nisitoke, kwa kuwa huenda akasema kitu. Hakusema kitu. Alikohoa tu. Saa kumi walimpakia kwenye gari wakamvusha mto.

Mama ameniuliza jioni kama ni kweli Maalim amekamatwa. Nikasema nimesikia hivyo. Akajipiga kifua. Kisha akasema, "Na Jumamosi, nani ataanza kujibu?" Alikuwa amemtegemea yeye. Maalim angejibu wa kwanza, wengine wangeona aibu, wangefuata.

Sikuwa nimewaza hilo. Katika siku zote zile za kuwaza, hilo halikunijia.

Jumamosi, 18 Februari

Imekwisha. Naandika yote kwa mpangilio, labda kichwa kitatulia.

Watu waliletwa kuanzia saa mbili. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, kamba katikati. Hakuna kivuli. Jiwe lilikuwa limepakwa chokaa jana, chokaa haijakauka vizuri, nzi wamegandia. Wanajeshi walisimama mistari mitatu, viatu vinang'aa. Baadhi yao walikuwa wakilia kabla ya chochote kuanza. Vijana wadogo. Mmoja alishika kofia ya mwenzake aliyekufa. Niseme ukweli, niliwahurumia. Ni nani aliyewahi kuwauliza kama wanataka kuja Garissa?

Mama alikuwa mstari wa mbele. Garbasaar nyeupe. Wanawake wenzake walikuwa wameacha nafasi kila upande wake, mtu angeweza kulaza ngamia pale.

Tarumbeta ililia. Bendera ikashushwa nusu. Padri aliomba. Kisha Kapteni akanipa ishara niwaeleze watu yatakayofuata. Nilisoma ratiba niliyoipiga taipu mwenyewe mara nne, na hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza.

Majina yatasomwa. Kuanzia jina la kwanza mpaka tarumbeta ya pili, kimya. Majina yakiisha, dakika moja nzima ya kimya hicho. Ni heshima kwa waliokufa. Atakayefungua mdomo atakamatwa.

Kimya! Nimelipiga neno hilo mara nne na halikunigusa, lilikuwa neno la ratiba tu. Kwao, bara, ndivyo wanavyomheshimu maiti: wanamnyamazia. Kwetu anayenyamaza jina likitajwa amemtupa. Mimi na Mama tulikaa wiki nzima tukipanga jinsi majirani watakavyolazimishwa kujibu, na wamelazimishwa kunyamaza. Waliletwa kwa bunduki kufanya kile kile walichokuwa wakimfanyia miezi mitatu.

Nilitafsiri. "Aamusa," nikasema. Nyamazeni. Nilisema vizuri, sauti ikafika mpaka nyuma.

Kapteni alisoma. Jina moja, akameza mate, jina jingine. La sita sauti ilimkatika. Kimya kilikuwa kikubwa, nilisikia kamba ikigonga mlingoti.

La kumi na mbili. "Dubas Dahir Warsame." Alilisoma kama mengine, sikumwonea kosa. Alitimiza ahadi yake, mshenzi yule.

Hakuna aliyejibu. Niliwaona wale wanawake. Hakuna aliyekunja uso, hakuna aliyegeuka. Walikuwa wametulia, watiifu, na mmoja, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa anatabasamu chini ya shela.

Mama alingoja. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akainua mkono na kujibu mwenyewe, kwa sauti kubwa. "Allah ha u naxariisto!" Akarudia. Akaanza kuwageukia mmoja mmoja, akiwaambia semeni, semeni, huyu ni mwanangu, semeni. Askari wawili wakatoka kwenye mstari. Wale vijana waliokuwa wakilia wakamtazama kwa chuki, na naijua sababu: alikuwa anawavunjia dakika yao.

Kapteni alinitazama. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwangu bado.

Nikasema, "Hooyo, aamus."

Ilitoka kubwa. Ilipiga ukuta wa ofisi ikarudi. Mji mzima ulisikia mtu akimnyamazisha mama yake juu ya jina la ndugu yake.

Alinyamaza. Mkono ulibaki juu kidogo, kisha akaushusha. Askari walirudi mstarini. Dakika ikaendelea. Nilitazama saa yangu ili nisimtazame yeye, na dakika ile ina sekunde nyingi kuliko nyingine.

Baadaye kulikuwa na chai na nyama kwa wageni. Kapteni alinipa mkono. "Kazi nzuri, Karani."

Jumapili, 19 Februari

Mama hasemi.

Jumatano, 22 Februari

Bado. Anapika, anafagia, ananiwekea chai. Nilimwambia anyamaze, amenyamaza.

Garbasaar nyeupe ameikata vipande vya kufutia vyungu.

Jumatatu, 27 Februari

Kazini, barua kumi na nne. Mutiso amepata likizo, anaimba. Wamepaka jiwe chokaa tena. Kwenye dugsi mbuzi wameingia, watoto wamesambaa. Mke wa Maalim alikuja kuomba kibali cha kuvuka mto akamwone mumewe. Niliipiga taipu barua yake vizuri kuliko zote. Jibu limekuja kabla ya saa nane: hapana.

Jumatano, 1 Machi

Karatasi fupi ililetwa leo kutoka ng'ambo. Mistari mitatu. Mzuiliwa Yarow amefariki kwa kifua siku ya Jumapili na amezikwa huko huko. Jamaa waarifiwe. Niliipiga nakala mbili, moja ya faili. Nikaenda mwenyewe kumwarifu mkewe. Alinishukuru kwa kufika kwangu.

Kisha nyumbani. Mama alikuwa ameketi mlangoni na mtama wake. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilisema jina zima la Maalim.

"Allah ha u naxariisto," akasema papo hapo. Sauti ilikuwa imekwaruza, siku kumi na moja haijatumika. Akangoja nami niseme. Nikasema.

Alichambua mtama kidogo. Kisha akauliza wamemzika kwa sanda gani. Aliuliza hivyo tu, hakuniita hooyo.

Nikasema sijui. Akainuka akaingia ndani, nikamsikia akifungua lile sanduku lililotoka bafta, kisha akalifunga. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilikaa pale mlangoni nikamalizia kuchambua mtama.